Nguruwe Kwenye Muhogo
Tangu walipoachana, Somoe na Mbaraka walilima mashamba yaliyopakana bila kusalimiana. Alfajiri hiyo Somoe, akiwa juu ya dungu lake la kulindia, aliona kundi la nguruwe mwitu likivamia muhogo wake. Kabla hajateremka, Mbaraka alitokea mbio na mkuki, akamchoma dume kubwa, wengine wakatawanyika. Lakini kule alikotoka, mahindi yake yalikuwa yakianguka. Kundi jingine lilikuwa limeingia.

"Baba Zuhura," Somoe alimwita kwa jina la binti yao, "wanakumalizia mahindi."

"Nimewaona," alijibu, bila kuondoka kwenye muhogo. "Nilikuona uko peke yako."

Somoe alichukua debe, akashuka, akakimbilia kwenye mahindi ya Mbaraka huku akilipiga kwa nguvu zake zote.