Mwendo wa Makokha

Siku hizi ruzuku ya mbolea inategemea udongo. Kila asubuhi udongo unasikiliza nyayo za mwenye shamba, na ukimkosa siku saba, jina lake linafutwa. Makokha alikuwa hainuki tena kitandani, basi mkewe Nasambu akavaa gambuti za mumewe, akawa anapita kwenye mahindi akichechemea kama yeye.

"Buruta huo wa kushoto, Mama Khisa," Makokha alimwambia kupitia dirisha, akicheka. "Unatembea kama bibi harusi."

"Nyamaza, udongo utakusikia."

Misimu miwili ikapita, jina halikufutwa. Asubuhi moja Nasambu alimletea uji, miguu mitupu, akichechemea. Makokha hakucheka.

"Umeshafika nyumbani, mke wangu. Tembea mwendo wako."

Nasambu akajaribu. Akajaribu tena, uji ukamwagika.