Kisu cha Mkono Mmoja

Mbuzi wa akika ya mjukuu wetu aliteleza kutoka kwenye mashua tulipokuwa tunamshusha kisiwani Chovai, akanywa maji mengi. Tulipomburura mchangani alikuwa anakoroma, macho yamegeuka. Akifa kabla sijamchinja ni kibudu, na wageni wameshaalikwa.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umembana shingo. Wa kulia ulishika kisu cha kukunja alichonitumia shemeji kutoka Uholanzi. Kinafunguka kwa mkono mmoja, alinionyesha kwenye simu. Wiki nzima nimewaringia watu kwa kisu hicho.

Nikakisukuma kwa kidole gumba kile kipini kidogo cha ubavuni mwa makali, cha kufungulia. Mate ya mbuzi! Kidole kikateleza.

"Baba Twahira, shika hiki!" Mke wangu alikuwa ameshachomoa kisu chetu cha samaki, cha mpini wa mti.

"Ngoja!"

Watu walikuwa wanatazama. Nikakikung'uta hewani kwa kifundo cha mkono, vilevile alivyofanya shemeji. Makali yakatoka nusu, yakarudi. Mchanga umeingia kwenye bawaba. Nikakikung'uta tena. Yakarudi tena, mashetani haya!

"Acha ukaidi, mume wangu!" Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye mbavu za mbuzi kusikiliza pumzi.

Nikakwamisha ncha ya kile kipini kwenye mshipi wa kiunoni, nikasukuma mpini chini kwa hasira zangu zote. Tak! Makali yote nje, yanang'aa.

"Bismillahi—"

Mke wangu aliondoa kiganja polepole kwenye zile mbavu zilizotulia, akakipangusa kwenye leso.

"Haya," alisema. "Kimefunguka."