Mguu wa Mwalimu Breki

Mwalimu Breki aliinama tena chini ya dashibodi, upande wa abiria, akapapasa kama mtu aliyeangusha meno ya bandia. Hamna kitu. Pedali zake mbili hazikuwepo. Palibaki matundu ya boliti tu, tena yamefutwa vumbi vizuri.

"Fundi, mimi nilileta honi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Honi peke yake."

"Honi bado sijaigusa," fundi alisema, akijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Lakini nimekubadilishia waipa, nimekukazia kiti, na zile pedali za ziada nimezitoa. Gari lina pedali tano, binadamu ana miguu miwili. Nikasema, masikini, Mwalimu kauziwa gari la pweza."

"Hili gari la shule ya udereva, bwana wewe. Hizo ni breki na klachi za mwalimu. Nani alikutuma?"

"Dunia haina haraka, Mwalimu. Zitarudi."

"Ziko wapi?"

"Kapita mama mmoja asubuhi, kaondoka nazo. Mama zetu unawajua, hawaachi chuma kikalala."

Mwalimu alitazama saa, akaona hata muda wa kugomba hana. Mtihani ulikuwa saa tatu kamili.

Sasa, mtihani wenyewe uko hivi: mwanafunzi anaendesha, mwalimu anakaa kando yake, mtahini anakaa nyuma na kalamu. Mwalimu akikanyaga pedali zake, kengele ndogo inalia, na kengele ikilia mwanafunzi kaanguka. Na huyu hakuitwa Breki bure. Miaka kumi na tisa ya kukanyaga ilikuwa imemnenepesha mguu wa kulia hadi akawa ananunua viatu pea mbili, za saizi mbili.

Mwanafunzi wa siku hiyo, mjane wa miaka sitini na mbili, alikwisha kuliliwa na kengele mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa kuku. Mara ya pili, kivuli cha kuku.

"Nilikuwa naokoa maisha, mama," Mwalimu alijitetea siku ile.

"Ya nani, Mwalimu? Kuku keshafika kwao zamani."

Leo ilikuwa ya tano, na ya tano ndiyo ya mwisho. Akianguka, asubiri miaka miwili. Wala wanawe hawakuwa na nia ya kusubiri. Wote, isipokuwa kitinda mimba, walikwisha kukubaliana kwamba mama akifeli safari hii, gari la marehemu baba yao linauzwa. Gari lile mjane alilifuta kila Jumamosi, kisha akaketi ndani, mikono kwenye usukani, asiende popote.

Tena ni yeye aliyemwelekeza Mwalimu kwenye gereji ile, honi ilipokufa. "Nenda kwa yule kijana," alimwambia. "Namjua tangu hajajua kushika spana." Mwalimu aliapa moyoni kwamba hatafuata tena ushauri wa mwanafunzi.

Kumwambia mtahini ukweli hakuweza. Gari la shule bila pedali za mwalimu, kibali kinachukuliwa papo hapo. Alivua koti, akalitandaza sakafuni kufunika matundu, akaweka miguu juu yake kama mtu asiye na neno.

Mjane alikuwa akimsubiri uwanjani pamoja na mtahini, mkoba mkubwa begani. Alipoutua kwenye kiti cha nyuma, kando ya mtahini, ulitoa mlio mzito.

"Umebeba nini humo, mama?" mtahini aliuliza.

"Vitu vyangu vya kunifaulisha."

Mtahini, mtu mzima na cheo chake, akajisogeza mlangoni.

"Mama," Mwalimu alinong'ona, "leo twende polepole. Ukiweza, tusiende kabisa."

"Dunia haina haraka, Mwalimu," alijibu, akatia gia. Mwalimu alihisi maneno hayo kayasikia mahali, ila gari lilikuwa limeshaondoka.

Kwenye mzunguko wa kwanza lori liliwakatia mbele. Mguu wa kulia ukashuka wenyewe: du! Ukakuta koti. Mwalimu alifumba macho, akamkumbuka mkewe, na mama mkwe pia, jambo ambalo halijapata kutokea. Alipoyafumbua, gari limesimama, tena kwa nafasi ambayo ng'ombe angeweza kugeuka.

Likaja tuta. Du! Mjane alikwisha kupunguza mwendo. Ukaja mpira wa watoto. Du! Mjane alikwisha kusimama, anausubiri mpira upite na mwenyewe afuate. Kila mguu ulipogonga sakafu, ulikuta kazi imekwisha kufanywa. Walipofika mahali pa kuegesha kwa rivasi, soli ya kiatu kikubwa ilikuwa imebanduka, na Mwalimu amechoka kama aliyeitembea njia yote kwa miguu. Ndipo likamjia swali ambalo hakulipenda hata kidogo: huyu mama anajua kuendesha tangu lini?

Mtahini aliandika, akapuliza wino.

"Mwalimu, miaka yote hii nakaa nyuma yako, leo ndiyo mara ya kwanza sijasikia kengele. Una afya wewe? Mama, hongera. Umefaulu."

Mjane aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma mara mbili, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Mtahini alipokwisha kushuka, aliuvuta mkoba, akatoa furushi la gazeti na kumwekea Mwalimu mapajani. Lilikuwa zito, linanuka oili. Mwalimu alifunua pembe moja, akakiona chuma kilicholika umbo la kiatu chake mwenyewe.

"Mpelekee fundi azifunge," mjane alisema. "Na umwambie mama yake kafaulu."