Mkono wa Kusaini

"Sahihi hii hailingani na ya kwenye pasipoti," karani wa ubalozi alisema, akairudisha fomu chini ya kioo.

Mwanamke, mpiga pasi wa hoteli, aliinua mkono wa kulia uliofungwa bendeji. "Niliungua kazini, kaka; nimesaini kwa mkono wa kushoto. Bila muhuri wenu kwenye idhini hii, mdogo wangu hawezi kuniletea mwanangu huku."

"Urudi ukipona."

Ilikuwa mara ya tatu kuambiwa arudi. Alifungua bendeji kwa meno, akashika kalamu, akaichora pole pole ile sahihi yake ya zamani yenye mikia, chini ya ile iliyokataliwa. Kidonda kikapasuka.

Karani aliilinganisha, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaona tone la damu kwenye fomu. "Imechafuka, dada. Hii haigongwi muhuri."

Mwanamke alijifuta kiganja kwenye sketi.

"Nipe fomu nyingine."