Samli ya Jirani

Samli ilikuwa imeshuka hadi nusu ya ndoo, na Scolastica bado alikuwa akijiambia kwamba anaionja tu.

Ndoo aliletewa na Marselino wa bodaboda, ambaye huchukua mizigo ya mabasi stendi na kuisambaza majumbani Kibaoni. Siku hiyo mvua ilikuwa ikimkimbiza. Alishusha mzigo barazani, akapiga honi, akaondoka.

Scolastica alikuwa akingoja kambale wa moshi kutoka kwa mdogo wake, Agnetha wa Mchombe. Alipokuta samli, alijua mara moja ni ya Mbuke, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye mama yake humtumia kutoka Usukumani. Alikusudia kuipeleka jioni. Lakini mchana alikuwa amepika wali, na wali mpya wa Ifakara unastahili heshima yake. Kijiko kimoja kikaita kingine.

Sasa ndoo nusu itarudishwaje? Scolastica alipovunjika mguu, ni Mbuke aliyemchotea maji mpaka akapona. Kumpoteza jirani kama huyo kwa ajili ya ulafi, aliona aibu hata kuwaza.

Siku chache baadaye Mbuke alikuja, akaketi kwenye mkeka.

"Dada, mama kanipigia simu. Anauliza samli imefika? Mimi sijaona kitu."

"Hata mimi kambale wangu sijawaona," Scolastica alijibu upesi. Hapo hakusema uongo, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Agnetha huwafunga kwa ukindu mwekundu, huwezi kusema umewachanganya na wa mtu mwingine. Huyo aliyewala, nikimjua..."

"Usimlaani, dada. Pengine mzigo ulishushwa mlango usio wake. Na aliyeupokea naye ni binadamu, ana tumbo."

Scolastica alimtazama kwa mshangao. "Basi na wa samli tumsamehe?"

"Tumsamehe."

"Au tumwite Marselino tumuulize?" Scolastica alisema, ili asionekane amekubali haraka mno.

"Ya nini kumsumbua mtoto wa watu?" alisema Mbuke, akainuka kwenda zake.

Scolastica alibaki anajichukia. Mtu ana roho nzuri namna ile, na yeye anamlia samli yake. Kesho yake alipika majani ya maboga, akayaunga kwa vijiko vitatu vya ile samli ili mwenye mali naye aipate japo kidogo, akajaza bakuli na kulipeleka.

Mbuke alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Alichovya kidole, akalamba.

"Umeunga na nini, dada?"

"Mafuta tu, haya ya dukani."

Mbuke alilamba tena, polepole. "Matamu," alisema, akaingia ndani.

Usiku huo usingizi ulimgomea Scolastica kabisa. Asubuhi alipomwona Mbuke anakuja na bakuli lililofunikwa sahani, alitoka barazani kumpokea. Alijiandaa kutukanwa, na alijua anastahili.

Mbuke hakutukana. Hakuketi pia. Aliweka bakuli juu ya kigoda, macho yake yakiwa chini.

"Bakuli la jirani halirudi tupu," alisema, akageuka kwenda kwake.

Scolastica aliinua sahani. Ndani ilikuwamo nusu ya kambale wa moshi, bado imefungwa kwa ukindu mwekundu.