Klachi na Mbuzi wa Ntheo

Pikapu ilizimika tena katikati ya mchanga wa mto, na mbuzi wote watatu wakaangukiana kule nyuma.

"Klachi, Muindi! Si nimekwambia klachi!"

"Nimekanyaga!"

"Hiyo ni breki, wee!"

Pikapu ilikuwa ya Mbithi, na yeye ndiye aliyepaswa kuiendesha. Lakini boda boda ilimwangusha juzi, na mguu wake wa kushoto, ule wa klachi, ulikuwa ndani ya plasta hadi gotini. Dereva waliyemkodi akazima simu. Akabaki mdogo wake Muindi, ambaye tangu apate leseni hakuwa ameshika gari lolote ila Vitz yake ya otomatiki. Watu wa otomatiki hujiita madereva mpaka siku wanapokutana na kanyagio la tatu.

Mbuzi wangeweza kusongamana kwenye Vitz. Ila kigari kile kisingeweza kumrudisha Nduku nyumbani Mukuyuni, na Muindi alikuwa ameapa kwamba leo harudi bila yeye.

Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi bila ntheo. Kila Desemba Muindi alisema mwaka ujao. Na kwa Mkamba, mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi, mwanamke ni binti wa kwao tu, hata mkizeeka nyumba moja. Sasa Mzee Muthama, baba yake Nduku, alikuwa amemchukua binti yake na kumpeleka kwake, ng'ambo ya mto upande wa Kitui, kisha akatoa neno moja: mbuzi wafike kabla ya saa sita, wakiwa hai na wazima, la sivyo Nduku atabaki kwake milele. Mzee hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Simu ikalia. Alikuwa Nthenya, mdogo wake Nduku.

"Shemeji, mko wapi? Pasta ashafika. Baba anaangalia saa tu."

"Tuko hapa mtoni. Nduku je?"

"Tumemvalisha ile nguo nyeupe."

"Mwambie nakuja."

Sauti ya Nthenya ilishuka. "Nitamwambia," akasema, na simu ikakatika.

Mbithi alivuta pumzi. "Sasa sikiza. Hii gari si ile yako ya kukanyaga na kwenda. Weka ya kwanza. Ongeza mafuta. Klachi uachilie pole pole, kama mtu anafungua mlango wa chumba mtoto amelala."

Pikapu ilitetemeka, ikanguruma, ikaanza kuusukuma mchanga. Ilipopanda ukingo, Muindi alipiga kelele za furaha. Hakuwa ameona kilima kilichokuwa mbele.

Barabara ilipanda moja kwa moja, nyembamba, na kushoto kulikuwa na korongo lililochimbwa na mvua. Walifika katikati, Muindi akajaribu kuingiza gia ya pili, gia ikasaga meno, injini ikafa. Pikapu ikaanza kurudi nyuma.

"Breki!"

Akakanyaga kwa nguvu zake zote. Gari likasimama, gurudumu la nyuma likiwa ukingoni mwa korongo. Mbuzi mmoja alilia. Mbithi akachungulia dirishani.

"Mguu wake umepita katikati ya vyuma. Tukirudi nyuma tena utavunjika."

"Vuta handibreki!"

"Handibreki ilikufa zamani."

"Ungenikumbusha hayo tukiwa Mukuyuni!"

"Ungekubali kuja?"

Muindi angekuja hata kwa mkokoteni. Mbuzi mlemavu hapokelewi, na mbuzi wawili si ntheo. Akakanyaga klachi, akawasha injini, akaweka gia ya kwanza. Aliachilia klachi kidogo kidogo mpaka akahisi gari linataka kwenda, ndipo akaondoa mguu kwenye breki. Pikapu haikurudi nyuma hata kidogo. Ilipanda ikilia kwa gia hiyo hiyo ya kwanza mpaka juu, na Mbithi, ambaye hakuwahi kumsifu ndugu yake, akamgonga begani.

Uani kwa Mzee Muthama palikuwa na hema, viti vya plastiki na sufuria za muthokoi mekoni. Kwaya ya kanisa ilinyamaza pikapu ilipoingia. Wazee wakaja bila salamu. Waliwashusha mbuzi mmoja mmoja, wakawapapasa miguu, wakawatazama macho na meno. Yule aliyelia walimtembeza mara mbili. Muindi alisimama kando, hajui mikono aiweke wapi.

Mzee Muthama aliangalia saa yake, kisha akamgeukia Muindi.

"Wazima," akasema. Akampa mkono. "Tumepokea. Kuanzia leo Nduku ni mke wako."

Muindi alilia mbele ya watu wote, wala hakujificha.

Mzee akawageukia vijana waliokuwa wamesimama nyuma ya nyumba, sepetu mikononi.

"Kateni mgomba muuzike ndani ya hilo kaburi, lisibaki tupu," akawaambia. "Binti yangu atazikwa kwa mume wake."