Siendi Peke Yangu

Redio ya upepo ilikohoa mezani, na mke wa mkaguzi wa njia akairukia kabla bosi hajanyoosha mkono.

"…mempata! Yu hai! Narudia, yu hai!"

Maneno ya mwanzo yalimezwa na mikwaruzo, lakini yaliyobaki yalitosha. Mpishi wa kituo aliangusha mwiko akapiga vigelegele. Bosi aliketi kama gunia lililotupwa, akajifuta jasho ingawa vioo vya dirisha vilikuwa vimeganda.

Alikuwa na sababu ya kutokwa jasho. Msimu wa kupanda mlima ulikuwa bado haujafunguliwa. Huko juu theluji mpya ilikuwa imelalia ya zamani bila kushikana nayo, na penye makorongo ilijenga madaraja membamba ya kumdanganya mtu kwamba anakanyaga ardhi. Kwa majira hayo sheria ya kituo ilikuwa moja tu: hakuna kupanda peke yako. Lakini wageni walishaanza kupiga simu, na bosi alitaka kujua kama njia inapitika.

Jana asubuhi alimkuta mkaguzi langoni, akijifunga vyuma vya kukanyagia barafu chini ya viatu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Siendi peke yangu, naenda na Kamanda."

Bosi alicheka. "Huyo mvivu? Si kazi yake kula na kulala tu?"

"Usimseme vibaya, anasikia. Anaijua njia hii kuliko wewe, bosi."

Bosi akacheka tena, akainua kizuizi. Mke alikuwa amesimama pale na chupa ya chai, akacheka nao. Jioni hawakurudi. Usiku kucha kicheko kile kilimrudia mke masikioni.

Sasa mke alibonyeza kitufe cha redio.

"Shemeji, ni mimi. Hebu sema tena nikusikie vizuri."

"Tumempata, shemeji." Ilikuwa sauti ya mdogo wa mumewe, aliyewaongoza waokoaji tangu alfajiri. "Juu ya korongo la pili, pale theluji ilipoporomoka."

"Ameumia?"

"Mguu mmoja. Anachechemea. Na baridi imemtafuna, anatetemeka mwili mzima."

"Mfunikeni blanketi, jamani! Mpeni kitu cha moto!"

"Tumemfunika. Maji amekunywa kidogo, chakula amekikataa."

Mke alicheka na kulia kwa pamoja. "Ndivyo alivyo huyo, akiumwa hagusi chakula. Mwambie ajiandae. Kwa roho juu aliyonitia, leo analala nje!"

Hata bosi alicheka, mara ya kwanza tangu jana. Redioni hakucheka mtu.

"Shemeji, mbona sauti yako imepooza hivyo?"

"Tumechoka. Na kazi bado ipo."

"Kazi gani tena? Mbebeni mshuke naye upesi, kabla jua halijailegeza theluji ikawafuata na nyinyi."

"Tumejaribu, shemeji. Kila tukimnyanyua anajinasua, anarudi palepale."

"Baridi imemvuruga akili," mpishi alinong'ona. "Akifika motoni atatulia."

Mke aliitikia kwa kichwa. Alikwisha kuliona jiko la chumbani kwao likiwaka, na soksi nene za mumewe zikining'inia juu yake. Ndipo alipokumbuka, akaona haya kwamba hakuuliza mapema.

"Na Kamanda je? Kamanda mmemwona?"

Redio ilikwaruza.

"Kumbe hukunisikia, shemeji? Huyo ninayekueleza ndiye Kamanda. Anachimba theluji kwa makucha na kubweka, na sisi tumeanza kuchimba naye."